Siku tano Berlin: nianzie wapi kuielewa historia ya Ujerumani, na je, sisi tumo humo?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasomea uuguzi Leipzig, huu ni mwaka wangu wa pili. Nahudumia wazee, na kila siku nasikia 'wakati wa DDR' (yaani Ujerumani Mashariki ya zamani), 'kabla Ukuta haujaanguka', 'baada ya vita'. Mimi naitikia tu. Nikaamua kujisomesha: nimeangalia Der Untergang na Das Leben der Anderen, nikaona sasa nimeelewa. Nilipomsimulia bibi mmoja ninayemhudumia, alinikatalia kabisa, akasema maisha yake hayakuwa hivyo hata kidogo. Mwezi ujao nina likizo ya siku tano, nitakwenda Berlin. Rafiki yangu ameniandikia orodha ya makumbusho kumi na nne, pamoja na kambi ya mateso ambayo kwa kweli naiogopa. Halafu kuna jambo jingine. Marehemu babu alikuwa akituambia baba yake alikuwa askari wa Mjerumani. Wenzangu wanasema niachane na hilo, eti hiyo ni historia ya Afrika, si ya Ujerumani. Nianzie wapi, niamini filamu ipi, na je, sisi tumo humo?"

Marahaba. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama filamu zimekudanganya, namna ya kuzitumia siku tano usirudi umechoka na mikono mitupu, na kama una haki ya kumtafuta baba wa babu yako ndani ya historia ya watu wengine. Hilo la tatu nitalipa nafasi kubwa kuliko wenzako wanavyotaka, kwa sababu naamini ndilo litakalokufungulia mengine.

Tuanze na bibi yako wa Leipzig. Yeye hajakosea, na filamu nayo haikukudanganya. Shida ni kwamba kila filamu ya historia ina miaka miwili, mwaka inaousimulia na mwaka iliotengenezwa, na watazamaji wengi huutazama ule wa kwanza tu. Das Leben der Anderen inasimulia Berlin Mashariki ya 1984, lakini ilitoka 2006, na mwongozaji wake alikulia Magharibi. Wakati huo Ujerumani iliyoungana ilikuwa bado inajiuliza itaishi vipi na watu waliowapeleleza majirani zao, na filamu ikaleta jibu la kutuliza moyo: afisa wa Stasi, polisi wa siri wa DDR, anayeguswa na kumwokoa mtu aliyetumwa kumchunguza. Mkurugenzi wa gereza la zamani la Stasi la Hohenschönhausen, ambalo leo ni eneo la kumbukumbu, alikataa filamu hiyo isipigwe humo, kwa hoja kwamba hakuna afisa anayejulikana kuwahi kufanya jambo kama hilo. Mfumo wenyewe haukutoa mwanya. Kazi ziligawanywa vipande vipande, na mpelelezi naye alipelelezwa. Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000. Kwa hiyo vifaa, ofisi na hofu unayoiona katika filamu ile ni vya kweli. Kilichobuniwa ni ule wema.

Bibi yako lakini huenda anasema jambo jingine kabisa. Huenda anakuambia kwamba hakuishi miaka arobaini akisikiliza nyayo mlangoni. Alikwenda kazini, alilea watoto, alipenda, alipanga foleni, alikwenda likizo kwenye bahari ya Baltiki. Ukitaka kumwona mtu kama yeye, tafuta Die Legende von Paul und Paula ya 1973. Ilitengenezwa ndani ya DDR, katika studio za serikali za DEFA, na watu waliipenda mno. Ni hadithi ya mapenzi, ila wewe tazama vyumba, jikoni, majengo ya zamani yanayobomolewa. Kisha utazame Good Bye, Lenin! ya 2003, inayotazama nyuma kwa huruma na kicheko. Ziangalie zote kwa maandishi ya chini ya Kijerumani, sikio lako litafaidika. Nakuhakikishia, ukimwuliza bibi kama aliwahi kuiona Paul und Paula, atakusimulia mengi kuliko ukimwuliza habari za Stasi.

Hapa kuna tahadhari inayohusu kazi yako. Mzee uliye naye leo huenda alikuwa mtoto Leipzig ilipopigwa mabomu Desemba 1943. Kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, swali dogo linaweza kumrudisha handakini moja kwa moja. Msikilize anapoanza mwenyewe, usimchokonoe, na ukiona ametaharuki mwambie msimamizi wa zamu siku hiyo hiyo.

Sasa Der Untergang. Ilitoka 2004, inasimulia siku za mwisho za Hitler handakini, Aprili 1945. Bruno Ganz alimwigiza Hitler vizuri kiasi cha kutisha. Lakini kamera imefungiwa ndani ya handaki na katika mitaa ya Berlin inayoshambuliwa, kwa hiyo wanaoonekana wakiteseka ni karibu Wajerumani peke yao. Si uongo, ni dirisha dogo. Filamu inamalizika kwa maneno ya Traudl Junge halisi, aliyekuwa katibu wa Hitler. Kwa miaka mingi alijifariji kwamba alikuwa kijana asiyejua kitu, mpaka alipopita penye kibao cha kumbukumbu ya Sophie Scholl, msichana wa rika lake aliyeuawa na Wanazi Februari 1943 kwa kusambaza vipeperushi, akatambua kwamba ujana haukuwa udhuru. Kama utaongeza filamu moja tu juu ya enzi hiyo, iwe Sophie Scholl – Die letzten Tage ya 2005, iliyojengwa juu ya kumbukumbu za mahojiano ya Gestapo yenyewe, polisi wa siri wa Wanazi.

Ukifika Berlin nenda pale lilipokuwa handaki, mtaa wa Gertrud-Kolmar-Strasse. Utakuta maegesho ya magari na ubao wa maelezo uliowekwa 2006, basi. Hakuna mnara wala mlango wa kuingilia, na ni makusudi, pasije pakageuka mahali pa kuhiji. Tembea dakika chache tu, utafika kwenye nguzo 2,711 za zege za ukumbusho wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa. Watalii wengi hupiga picha juu wakaondoka. Wewe shuka chini, kwenye kituo cha maelezo, usome barua na habari za familia moja moja. Tofauti ya kile mji ulichokifukia na kile ulichokipa uwanja mzima katikati ya jiji ni somo ambalo filamu haiwezi kukupa.

Maonyesho nayo yana kazi yake, na kazi hiyo ni karatasi. Filamu itakuonyesha mwovu anayepiga kelele. Karatasi itakuonyesha mwovu aliyekaa mezani na mhuri. Nitakupa mfano mmoja uufuate mpaka mwisho. Tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 walikutana katika jumba la kifahari kando ya ziwa la Wannsee, kwa muda wa kama saa moja na nusu. Hawakwenda kuamua kama Wayahudi wauawe, maana mauaji yalikuwa yameshaanza Ulaya Mashariki. Walikwenda kupanga ofisi zao zishirikiane vipi. Muhtasari wa kikao ulitolewa nakala 30. Ikabaki moja, iliyopatikana 1947, na ndani yake mna orodha ya nchi za Ulaya na idadi ya Wayahudi wa kila nchi, jumla zaidi ya milioni 11. Kuna filamu ya 2022 iitwayo Die Wannseekonferenz; karibu yote ni watu wamekaa wakizungumza. Itazame jioni, kesho yake panda treni ya mjini mpaka Wannsee, kisha basi namba 114 hadi kwenye jumba lenyewe, ambalo sasa ni makumbusho. Hapo utagundua kwamba muhtasari ule haukunukuu neno kwa neno. Mazungumzo ya kwenye filamu yamebuniwa na waandishi waliosoma nyaraka kwa makini. Unarudi chumbani ukijua wapi nyaraka zinaishia na wapi waigizaji wanaanzia. Mtu akijifunza hivyo kwa tukio moja, hatazami tena filamu yoyote ya historia kwa macho yale ya zamani.

Kwa hiyo orodha ya rafiki yako ipunguze bila huruma. Makumbusho kumi na nne kwa siku tano ni kuona milango. Chagua mahali sita, hata matano. Na anza kabla hujapanda treni, kwa sababu historia ya Ujerumani haikai Berlin peke yake, nawe unaishi katikati yake. Leipzig ndiko watu wapatao 70,000 walikoingia barabarani tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya sala za Jumatatu katika kanisa la Nikolaikirche na makanisa mengine, bila kujua kama wangepigwa risasi. Hawakupigwa. Ukuta ulianguka mwezi mmoja baadaye. Nenda Nikolaikirche, nenda Runde Ecke iliyokuwa ofisi ya Stasi ya mkoa, kisha Zeitgeschichtliches Forum, makumbusho ya historia ya karibuni, ambako hakuna kiingilio. Jumamosi moja inakutosha, na utaingia Berlin ukiwa na maswali ya maana.

Kuhusu Ukuta, ruka Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka. Kibanda kile ni cha kuigiza, na eneo lote limejaa biashara. Nenda Bernauer Strasse. Huko kimebaki kipande chenye kuta mbili, ukanda wa kifo katikati na mnara wa ulinzi, ndipo unaelewa kwamba haukuwa ukuta mmoja wa kurukwa. Agosti 1961 watu walijirusha kutoka madirisha ya mtaa huo kwa sababu nyumba zilikuwa upande wa Mashariki na njia ya miguu ilikuwa Magharibi. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye Ukuta ule hadi 1989. Hohenschönhausen nako ningekwenda, ila na mwongozaji tu, kwa kuweka nafasi mapema. Baadhi ya wanaotembeza wageni walifungwa humo wenyewe.

Sasa twende kwenye swali ulilolificha mwisho, la baba wa babu yako.

Wenzako wanaosema hiyo ni historia ya Afrika wamekosea. Ujerumani ilitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi mpaka Vita vya Kwanza, na alama zake zimetapakaa Berlin kwa anayejua pa kutazama. Mtaani Wilhelmstrasse kuna nguzo ya maelezo mahali lilipokuwa jengo la Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. (Watu husema Afrika ilikatwa mipaka mezani pale. Mkutano uliweka kanuni za kunyakua. Mipaka yetu sisi ilikuja kwa mikataba ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890.) Katika Makumbusho ya Mambo ya Asili amesimama dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka pwani. Huko Wedding, sehemu ya Berlin, kuna mitaa inaitwa Sansibarstrasse na Tangastrasse. Na huko huko kulikuwa na barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, Mjerumani aliyeteka ardhi yetu. Mwaka 2024 sehemu yake mojawapo iliitwa Maji-Maji-Allee. Mtaa uliokuwa wa Wissmann, yule aliyemwangamiza Abushiri pwani, tangu 2021 ni Lucy-Lameck-Strasse, kwa jina la mwanasiasa wetu wa enzi za uhuru.

Lakini usiende kusoma vibao tu. Mfuate mtu mmoja. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam 1904. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na vita vilipoanza 1914 mtoto naye aliingia jeshini akiwa na umri wa miaka kama kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimkatalia, ikasema amechelewa. Akabaki. Alikuwa mhudumu wa mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, alifundisha Kiswahili chuo kikuu, na alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, karibu zote katika nafasi ndogo za mtumishi. Kubwa kuliko zote ilikuwa filamu ya kumtukuza huyo huyo Carl Peters, iliyotoka 1941.

Sasa tumia ile miaka miwili. Filamu hiyo inasimulia miaka ya 1880 na 1890, Peters alipoteka ardhi yetu kwa mikataba ya hila na kunyonga watu Kilimanjaro, mpaka serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi 1897. Lakini ilitengenezwa 1941, Ujerumani ikipigana na Uingereza, na Wanazi walihitaji shujaa aliyeonewa na Waingereza na wapiga domo wa bunge. Kwa hiyo mnyongaji akageuzwa mzalendo, na mtoto wa askari kutoka Dar es Salaam akawekwa pembeni yake amtumikie. Mwaka huo huo Mahjub alikamatwa na Gestapo kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyoishi, Brunnenstrasse, kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, kilichowekwa njiani 2007. Mwongozaji Eva Knopf alitengeneza filamu ya kumbukumbu juu yake, Majubs Reise, ya 2013. Hiyo ndiyo ningetaka uitazame kabla ya nyingine zote.

Unaona sasa kambi imekuja yenyewe. Sachsenhausen iko Oranienburg, mwisho wa treni ya S1, halafu kutembea kama dakika ishirini. Watu zaidi ya 200,000 walifungwa huko kati ya 1936 na 1945, na baada ya vita Wasovieti nao waliitumia kama kambi mpaka 1950, jambo ambalo nchini DDR halikusemwa hadharani. Je, ni lazima uende? Si lazima. Mtu anaweza kuielewa historia hii bila kukanyaga kambini, na kwenda kwa kujilazimisha hakumwongezei heshima aliyekufa. Hofu yako ni ya mtu mwenye moyo. Ila ukienda ukiwa na jina moja kichwani, hutazamii tena kuzibeba roho laki mbili. Unakwenda kumzuru mtu wa nyumbani. Nenda asubuhi, nenda na mwongozaji wa hapo hapo kambini, usiwe peke yako, na usipange kitu kingine siku hiyo. Ukishindwa katikati, toka. Ikiwa umepitia vita au ukatili maishani mwako, zungumza kwanza na mshauri wa chuo au daktari wako, na ikiwa baada ya ziara usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, mwone mtu ana kwa ana. Wewe ni muuguzi, ungemwambia mgonjwa wako hivyo hivyo.

Kuna jambo gumu ambalo lazima nikuambie kabla hujaanza kumtafuta babu mkuu. Askari walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wengi, na waliingia kwa sababu nyingi: mshahara, heshima, kulazimishwa, kukosa pa kwenda. Hao ndio waliochoma mashamba na maghala wakati wa vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907. Wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi, na makadirio yanafika watu 300,000. Inawezekana babu mkuu alikuwa huko, inawezekana aliingia baadaye kabisa. Utakachokipata kinaweza kisikupendeze. Hata hivyo nakushauri utafute, kwa sababu bibi yako wa Leipzig naye ana baba ambaye labda hamzungumzi, na mtu aliyekaa na swali la kwao husikiliza la mwenzake vizuri zaidi.

Sasa namna ya kutafuta. Nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea kwa mabomu Potsdam, Aprili 1945, kwa hiyo usitegemee faili lenye picha yake. Kilichobaki kiko sehemu mbili hasa: Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Berlin-Lichterfelde, yenye mafaili ya Wizara ya Makoloni chini ya namba R 1001, na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, zenye mafaili ya utawala wa Kijerumani. Mafaili mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo huwashinda, hivyo omba msaada wa mtunza nyaraka. Waandikie Bundesarchiv wiki kadhaa kabla, usifike tu mlangoni.

Na kabla ya kuwaandikia, piga simu nyumbani wiki hii, wakati shangazi na wazee wa ukoo bado wapo. Uliza majina yote aliyotumia babu mkuu, pamoja na lakabu ya jeshini. Uliza alichukuliwa wapi, kombania namba ngapi, alipigana wapi, alirudi na nini. Uliza pia kama kuna aliyelipwa na Wajerumani miaka ya 1960, maana Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliokuwa bado hai Tanganyika, na familia nyingine zina karatasi ya malipo hayo mpaka leo. Jina bila mahali halitakufikisha popote. Jina, mahali na namba ya kombania vitampa mtunza nyaraka pa kuanzia.